Nilivyompandisha mama Frigiliana na magoti yake yale

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga nikampeleka Hispania, tukafikia Nerja pale baharini, halafu nikasema siku moja tupande Frigiliana, kijiji cha mlimani, si mbali, kama kilomita 6 tu. Nilichosahau ni kwamba mama anaumwa magoti na mtaa wa zamani kule, Barribarto, ni ngazi tupu.

Nikajifanya mjanja, nikamwambia dereva wa teksi atufikishe juu kabisa ili sisi tushuke tu. Kumbe goti bovu linauma zaidi kwenye kushuka! Ngazi ya tano mama kashika ukuta, "wee mtoto unaniua."

Kilichotuokoa ni vibao vya vigae. Vipo 12, vimebandikwa ukutani, vinasimulia vita vya 1569, wale Wamoriski, yaani Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, walipoasi wakajificha mlimani hapo juu wakapigwa, mwishowe wakafukuzwa. Basi ikawa tunatoka kibao hadi kibao, mama anakaa kwenye kizingiti cha watu, mimi namsomea kwa msaada wa simu. "Wabatizwe halafu bado wafukuzwe?" Akanyamaza, kisha akakwaruza ukuta kwa kucha, ikatoka unga mweupe. "Chokaa hii, wamepaka juu ya nyingine mpaka kona zote zimekuwa duara." Ni kweli, mi nilikuwa napiga picha tu sijaona. Na zile ngazi, vijiwe vyeupe na vyeusi vimepangwa kama mkeka wa ukili.

Chini tukala bilinganya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa. Hiyo asali inapikwa hapohapo kijijini, kwenye jumba la karne ya 16 wanaloliita El Ingenio, na wanasema ndicho kiwanda cha mwisho Ulaya kinachoitengeneza. Mama aliguna eti bilinganya na asali wapi na wapi, halafu akamaliza sahani peke yake. Mhudumu akisema azúcar mama anaitikia sukari, akisema aceituna anajibu zeituni, wakaelewana vizuri kuliko mimi niliyelipia kozi ya Kihispania miezi minne.

Kwa mwenye mzee, nendeni asubuhi mapema, viatu vya soli ya mpira, na msiwe na haraka, sisi ilituchukua masaa matatu njia ambayo kijana anamaliza kwa dakika ishirini.

Tulinunua chupa mbili za ile asali tukazifunga kwenye kanga. Moja imefika Tanga salama, nyingine imemwagikia kwenye viatu vyangu.