Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta, Majengo, Dodoma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kufuli. Mwezi wa nane Dodoma upepo haulali, kwa hiyo kazi ya kwanza ni vumbi: brashi kwenye matundu ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, kitambaa kikavu juu ya meza, kisha chai ya rangi na chapati mbili kutoka kwa mama wa jirani. Wapita njia wakinikuta nimekaa natazama mstari unaojaa kwenye skrini, wanasema kazi yangu ni ya kukaa tu. Ndiyo maana naandika Alhamisi hii ilivyokwenda.

Saa mbili, printa ya stationari imekwama karatasi. Saa tatu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma amemwagia chai kibodi yake, arudi kesho.

Saa tatu na nusu akaingia mama mhasibu wa chama cha wakulima wa zabibu, katoka Hombolo. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akaitikia, akaketi, pochi kaipakata. Laptop yao aliniachia jana yake, haiwaki. Jioni ile nilikuwa nimeshavuta mafaili yake yote, gigabaiti 9, kwa kama robo saa. Kazi iliyobaki ni kurudisha mfumo, nami nilikuwa nimemwahidi kumaliza ndani ya saa moja.

Nieleze ninavyofanya. Nyuma ya kaunta nina kompyuta ya mezani ya zamani, ndiyo seva yangu. Humo nimehifadhi nakala za mifumo ya ofisi ninazohudumia, zilizochukuliwa mashine zikiwa mpya, pamoja na leseni na programu zao. Laptop ikifa naiwasha kupitia waya wa mtandao, inavuta nakala yake, inarudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Hakuna flashi inayobeba virusi toka duka hadi duka, hakuna bando linaloliwa. Najivunia sana mpango huu, nimeujenga kidogokidogo kwa miaka.

Nikaanza. Nakala ya gigabaiti 22. Skrini ikaandika: zimebaki saa 6 na dakika 4.

"Fundi, masaa sita?"

"Mama, inapiga hesabu tu, subiri ichangamke."

Haikuchangamka. Nusu saa baadaye ilikuwa asilimia nane. Mama akasogeza kiti mpaka mgongoni kwangu. "Mwanangu, kesho nina mkutano wa wanachama. Nitawasomea nini? Mwaka jana kijana mmoja alinipigia Windows kwa flashi, dakika arobaini tu. Au unavuta muda ili unipandishie bei?" Maneno hayo yaliniuma, hasa kwa kuwa wateja wengine wawili walikuwa wanasikiliza.

Nikaangalia swichi. Kwangu taa ya kijani ni megabiti 1000, ya njano ni 100. Tundu la laptop lilikuwa la njano. Nikauchomoa waya nikaupima kwa testa yenye taa nane, moja kwa kila uzi: moja, mbili, tatu, zinawaka kwa zamu, ya nane haikuwaka. Nikaitazama plagi kwa tochi ya simu. Nyuzi saba za shaba zimefika mwisho, ule wa kahawia umeishia njiani, umepungua kama nusu punje ya mchele. Megabiti 100 zinahitaji nyuzi nne tu, kwa hiyo waya ulikuwa hai lakini hauwezi kufika 1000.

Kurekebisha ilibidi nisimamishe kazi kwenye asilimia kumi na mbili. Mama alishika kichwa. Nikakata plagi, nikapanga rangi upya, nikabana kwa krimpa, koleo la kubania plagi, taa ikawa kijani. Nikaanza upya nikiwa na uhakika kabisa.

Zimebaki saa 6 na dakika 1.

Hapo ndipo nilipochoka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hata hivyo hesabu ilinisaidia. Megabiti 100 zenyewe zingemaliza gigabaiti 22 kwa dakika thelathini na tano hivi. Masaa sita ni megabaiti moja tu kwa sekunde. Basi waya ule ulikuwa na kasoro ya kweli, ila haukuwa mchawi wetu. Tena jana, na kasoro yake ileile, ulileta mafaili kwa robo saa. Kuna kitu kilibadilika usiku.

Nikapiga pingi, yaani ujumbe mdogo wa kujaribu, kwenda kwenye seva, majibu yote yakarudi upesi. Pingi inadanganya, mzigo wake ni mdogo mno. Nikachomeka laptop yangu mwenyewe kwenye swichi, nikavuta faili kubwa: nayo inatambaa. Laptop ya mama haina hatia. Mchana ulishafika, chakula sikukikumbuka. Nikainama nyuma ya kaunta kwenye tundu la seva ambalo asubuhi yote sikulitazama. Njano.

Nikamuuliza kijana wangu kama aligusa seva. Akaniangalia kwa hofu. "Kaka, jana ulipoondoka taa yake ilikuwa inazimazima. Nikaifunga kwenye mia, fulo dupleksi, ikatulia."

Hapo ndipo penye siri. Kwa kawaida pande mbili za waya hukubaliana mwendo zenyewe. Upande mmoja ukifungwa kwa mkono, swichi ya kawaida kama yangu haipati jibu la makubaliano, inatambua mwendo wa 100 lakini inajishusha kwenye hafu dupleksi. Seva, yenye fulo dupleksi, inaongea kama mtu wa simu ya kawaida, wakati wowote. Swichi iko kwenye simu ya upepo, inangoja mwenzake amalize. Mzigo ukiwa mdogo huoni tatizo. Ukiwa mkubwa wanagongana, vipande vinapotea, vinatumwa upya na upya.

Nikairudisha kadi ya mtandao ya seva kujipangia mwendo yenyewe. Ilipozimazima nikabadilisha na waya wake, maana huo ndio uliomsumbua kijana. Kijani. Nikaanza mara ya tatu, dakika ishirini na mbili ikamaliza. Mafaili yakarudi, mama akafungua kitabu cha mauzo ya zabibu, akashuka safu moja baada ya nyingine kwa kidole.

Nikamwambia wazi: "Mama, laptop yako haikuwa na shida. Shida ilikuwa dukani kwangu." Akanitazama kidogo, akasema, "Ungenificha nisingejua." Tulikubaliana elfu ishirini na tano, nikapokea ishirini, tano akachukulie bajaji.

Kijana sikumfokea. Jioni tulikaa naye chini ya taa, nikampa krimpa na waya wa seva ulioharibika. Plagi ya kwanza alikosea rangi, ya pili pia. Ya tatu, taa za testa zilipita zote nane, akaomba apime tena.