Nilivyopata waini na mnazi wa maana Mombasa, na joto lote lile

Mimi ni mtu wa Dodoma, kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na waini tunaiona tangu ikiwa juisi, kwa hiyo nikisafiri popote kitu cha kwanza nataka kujua wenyeji wanakunywa nini na wanauziana wapi. Mombasa nilienda kwa basi kupitia Tanga, Horohoro, Lungalunga, mpaka Likoni unavuka feri unaingia kisiwani. Naandika hapa nilivyofanya, maana kabla sijaenda nilitafuta mtu wa kunielekeza nikakosa.

Kwanza ujue Mji wa Kale usiende kutafuta pombe. Ni mtaa wa Waislamu, watu wanaishi na dini yao, heshimu. Kule nilienda kula viazi karai, mahamri na kahawa chungu, nikazunguka Fort Jesus, basi. Kinywaji nilitafuta nikishavuka Daraja la Nyali, upande wa Nyali yenyewe, Bamburi, ukipenda unaenda mpaka Mtwapa ambako usiku hakulaliki. Halafu Kenya wana sheria ya vileo ya 2010, baa siku za kazi zinatakiwa kufungua saa 11 jioni, wikendi na sikukuu saa 8 mchana, mwisho saa 5 usiku. Panga ratiba yako na hilo.

Sasa kitu kinachoamua kila kitu Mombasa ni joto. Waini inapenda kukaa kwenye nyuzi 12 mpaka 15 hivi, na Mombasa kuanzia Januari mpaka Machi mchana ni 30 na zaidi, usiku nako hakupoi. Chupa ikikaa kwenye joto hilo miezi na miezi haiwi sumu lakini inakufa, lile tunda lote linaondoka unabaki na kitu kama jemu iliyopikwa ikapitiliza. Kwa hiyo mimi dukani siulizi bei kwanza. Naangalia chupa zimepangwa wapi, kama jua la mlangoni linazipiga natoka, hasa zile za waini nyeupe zenye kioo kisicho na rangi, mwanga unaziharibu haraka. Naangalia kizibo, kama kimesukumwa juu kidogo au kuna unyevu unaonata chini ya ile karatasi ya shingoni, chupa hiyo ilishapata joto, rudisha. Naangalia mwaka wa mavuno. Afrika Kusini wanavuna mwanzoni mwa mwaka, na nyeupe nyepesi za kule nyingi zinanyweka zikiwa bado changa, sasa ukikuta ya miaka sita nyuma iko juu ya rafu ina vumbi, iache hata kama wamepunguza bei.

Kuna duka dogo Nyali, kijana wa pale nilimuuliza, "Kaka, hiyo AC usiku mnaizima?" akanijibu bila kuzunguka, "Twazima, lakini hizi za nyuma zakaa kwa friji, chukua huku." Nilimpenda hapo hapo. Muuzaji anayekwambia ukweli hivyo mrudie yeye kila siku, usihangaike na duka lenye taa nzuri. Kwake nilichukua Chenin Blanc, waini nyeupe ya Afrika Kusini, ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote kule na hata sisi Dodoma tunayo, nikaenda kuinywa na samaki wa kupaka nilipofikia. Jamani. Lile tui zito na ndimu na ule uchachu wa Chenin vinaelewana kabisa. Nyekundu kali na pilipili ya Pwani usijaribu, ile ukakasi inapanda mdomo unawaka. Ukitaka nyekundu basi Pinotage, hii ni mbegu ya zabibu iliyozalishwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925 na Profesa Perold kwa kuchanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut, inapatana sana na mishkaki, ila iweke kwenye friji nusu saa kwanza. Hayo maneno ya nyekundu inywewe bila kupozwa ni ya nyumba za baridi za Ulaya, sebule ya Mombasa ni kitu kingine. Nilipata pia Leleshwa, waini ya Wakenya wenyewe kutoka Naivasha, na nakushauri uionje maana ukiwa Kenya utakunywaje za mbali tu.

Baa ni swali moja: "Chupa hii mmefungua lini?" Wengi wanauza kwa glasi halafu chupa iliyofunguliwa juzi bado iko kaunta. Mimi naomba nionyeshwe, au nasubiri ifunguliwe mpya mbele yangu, na naomba kwa upole maana mhudumu hana kosa.

Ila mimi nasema waini ya kweli ya Mombasa ni mnazi, ile pombe inayogemwa kwenye mti wa mnazi. Mangwe, ndiko unakouzwa, nyingi hazina hata bango, unaelekezwa na mtu. Mimi nilipelekwa Jumamosi mchana upande wa Kisauni na mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa jirani pale nilipofikia. Nilimpa shikamoo nikamwambia mzee nataka mnazi mzuri, akaniambia, "Mwanangu, mnazi hauulizwi bei. Waulizwa umegemwa saa ngapi." Yaani swali langu la dukani yeye analijua tangu utotoni!

Akanieleza njiani. Mgema anakwea mti wa mnazi, anafunga lile karara, ganda la maua ya mnazi, kabla halijafunguka, anakata ncha kwa kotama, kisu kile kilichopinda, ananing'iniza kibuyu, na kila asubuhi na jioni anarudi kukata tena kipande chembamba sana ili maji yaendelee kushuka. Unaanza kuchachuka palepale juu kwa hamira ya asili, hakuna mtu anatia kitu, na ndani ya saa chache tu una kilevi kama cha bia nyepesi. Kesho yake unakuwa mkali, baada ya hapo ni siki ya jikoni. Kwa hiyo ule wa jana jioni na ule wa leo asubuhi ni vinywaji viwili tofauti, nilionja yote. Wa asubuhi ulikuwa mweupe kama tui, una povu linatembea, utamu kwanza halafu kauchachu kanakuja nyuma taratibu. Mama muuzaji alikunywa yeye kwanza mbele yetu ndipo akatumiminia, mzee akasema ndivyo inavyotakiwa, mgeni aone kinywaji ni salama.

Kinachoniuma ni kwamba mahoteli ya ufukweni nilikopita hakuna hata moja iliyoniwekea mnazi mezani, wana waini ya Ufaransa, wana ya Chile, na kinywaji kilichogemwa asubuhi ile hakipo. Wazee wa Kimijikenda, yaani Wagiriama na ndugu zao wa Pwani, hiki ndicho wanachotambikia na kupeleka kwenye posa, kinastahili glasi safi na mtu wa kukieleza kwa mgeni.

Ukitaka kubeba mnazi usikaze kizibo cha chupa, gesi bado inafanya kazi ndani na kwenye basi itapasuka. Mimi nilibeba Leleshwa, nikaiviringisha kwenye kanga ndani ya begi la mkononi, sio kwenye buti la basi ambako kunachemka. Safari nyingine nalala Rabai au Kaloleni huko Kilifi, nataka niwe chini ya mnazi alfajiri mgema anaposhuka.