Kukota solo ya kesi-kleri, namna mimi nasikilizaka

Bon, tangu ile konkuru, mashindano ya fanfari (bendi za ngoma na trompeti), pa Katuba huku Lubumbashi, bantu bananiandikia pa WhatsApp kila mumoja na swali yake, juu ya nini huyu alipita, juu ya nini ule alibakia, njo naona muzuri niandike yote hapa mara moja. Ndiyo, nilikuwa mu jiri, kati ya majaji. Hapana, habakunilipa, balitupatia fanta na mikate ya mayai, basi. Mimi nilikota, ni kusema nilipatia pointi, solo za kesi-kleri tu, ile ngoma yenye nyuzi ku tumbo. Groskesi (ile ngoma kubwa) na tenori (ngoma bila nyuzi) zilikuwa na jiri yao, mwende mubaulize benyewe.

Solo haifanani na fanfari hata kidogo. Mu fanfari ukikosa jirani anakufunika, trompeti inalia juu yako, groskesi inapita, nani atajua? Mu solo unasimama we na ngoma yako, dakika mbili ao tatu, jua pa kichwa, majoreti ya paroisse ingine banakuangalia pembeni banacheka, na jiri eko na bic mu mukono. Hakuna pa kukimbilia. Kuko bamoja mu repetisyo banatisha bote, halafu pale mbele ya jiri mikono inakuwa ya mutu mwingine.

Sasa makelele ilianzia pa kukota. Wazee bengi ba fanfari huku Lubumbashi banakotaka sawa dictée: unaanza na pointi zote, kosa moja banakata, kosa ingine banakata, mwisho banahesabu yenye kubakia. Iko rahisi, na hakuna mutu atakuambia umependelea mutoto wa ndugu yako juu makosa iko pa karatasi. Bale ba Marekani nabo balipitia mule mule. Ile DCI yao, mashindano ya ma-drum corps (bendi za ngoma na trompeti zenye kupiga zikitembea), ubingwa ya kwanza ilifanyika 1972 pa Whitewater mu jimbo ya Wisconsin, na ile wakati jaji alikuwa anatembea kabisa katikati ya bapigaji mu uwanja, sikio karibu na ngoma, kila kosa anachora kamustari, na kila kamustari kanakata 0.1 ya pointi. Mu miaka ya 1980 bakaiacha. Mimi naelewa juu ya nini. Ukikota makosa peke yake, mutoto mwenye akili anachagua kipande nyepesi, anapiga tratratra ya defile mpaka mwisho, safi, hakuna kosa, anashinda, na mwenye alijaribu kintu ya nguvu akajikwaa fasi mbili anarudi kwao analia. Mwaka yenye kufuata bote banakuja na tratratra. Nilishakaaka mu konkuru ya vile, solo tangu asubui mpaka jioni zote zinafanana, nilisinzia kweli.

Njo safari hii tulipatana mbele ya kuanza: karatasi iwe na pande mbili, pande moja alileta nini, pande ya pili alipiga namna gani. Papa moniteri mumoja mu jiri, mutu wa heshima, mwenye alifundisha nusu ya fanfari ya huu muji, hakupenda. Anasema, "Mwanangu, munafungulia bantu mulango ya kupendelea." Nikamujibu, "Papa, kosa tutaikata tu, lakini kosa ya mutu mwenye kupanda haiko sawa na kosa ya mutu mwenye kukaa chini." Akacheka, akakubali nusu nusu, na kusema kweli siku yote aliendelea kuchora mistari yake pa kona ya karatasi.

Namna nasikilizaka. Mbele ya yote, pale anapiga pole, na sauti ya chini. Kupiga kwa nguvu kunaficha mambo mingi sana, kila mutu mwenye mabega anaweza kupiga kwa nguvu, lakini mwambie ashushe bageti, zile fimbo za kupigia, mpaka sentimita saba ao munane juu ya ngozi na aendeshe rulemani, mapigo ya mbio yenye kufuatana, pale chini bila kukatika, utaona nani alifanya mazoezi. Bamarekani banapimaka kabisa urefu ya bageti, inchi tatu kwa sauti ndogo, inchi kumi na mbili kwa kubwa, kama sentimita 30 vile, na fanfari yote inapanda na kushuka pamoja. Huku hatupimi, lakini jicho linaona. Kama bageti ya kuume inapanda mpaka kidevu na ya kushoto inabakia pa kiuno, sauti haiwezi kuwa moja, hata afanye nini.

Na mukono ya kushoto, ee, ile njo mushitaki. Batoto bengi huku banashikaka bageti ya kushoto kwa chini, kiganja juu, namna ya wazee. Ile ilitoka zamani, ngoma ilikuwa inaning'inia pa mukanda na inalala upande ku muguu ya kushoto, sasa mukono ilibidi iingie kwa chini. Leo ngoma inakaa sawasawa mbele ya tumbo pa chuma ya mabega, hakuna lazima tena, lakini bengi banaipenda juu iko na sura. Mimi sikati pointi kwa ile, shika namna unapenda. Lakini mu rulemani kila mukono inapiga mara mbili mara mbili, na ile pigo ya pili ya kushoto, kama mutu hakuifundisha, inakufa. Unasikia ta-ra ta-h ta-ra ta-h. Funga macho utaisikia.

Kisha fla. Kapigo kadogo kanatangulia kidogo tu, kubwa inafuata, sikio inasikia kintu kimoja kinene. Zikiangukia pamoja imekuwa bapa, zikiachana sana zimekuwa mapigo mbili. Nikisikia fla tano ku mwanzo wa solo nashajua sehemu kubwa ya mapointi, nabakia nangojea tu anishangaze. Hizi rudimenti, mapigo ya msingi ya ngoma sawa fla na rulemani, si mambo ya jana: 1933 pa Chicago bapigaji balikutana bakaunda NARD, chama ya bapigaji ngoma ba Marekani, bakaweka 13 za lazima, baadaye zikafika 26, na 1984 chama ingine, Percussive Arts Society, ikapanga orodha ya 40 yenye leo mutoto wa Ruashi anaikuta bure mu telefone ya yaya yake. Tatizo ni kwamba videyo anaziona ni za ngoma ya Kevlar, zile nyuzi banatumiaka mu gile ya kuzuia risasi, ngozi inakazwa mpaka inakuwa sawa meza, kila pigo inatoka kavu. Ngoma zetu ziko na plastiki yenye ililegea, bageti hairudi vizuri, na mutoto anataka mwendo ya ile videyo. Minamuonea huruma, lakini namuambia punguza mwendo, ngoma yako haitaki.

Sasa ile ugomvi yenye bote banauliza. Kulikuwa kijana mumoja, sitataja fanfari yake, anageuza bageti anapiga na mukia, anarusha juu anadaka bila kuangalia, anapitisha mukono chini ya mukono, uwanja mzima ulisimama, ba mama banapiga vigelegele. Nyuma yake akaja kabinti ka Kenya (commune, si inchi!), kafupi, ngoma inakafika pa magoti, kakaanza chini chini hata bantu ba nyuma bakaanza kupiga kelele "hatusikii!". Mimi nilikuwa karibu nilisikia. Fla zote nene, kushoto na kuume sawa, kanapanda polepole, paradidili (mapigo ya kuchanganya moja moja na mbili mbili kwa mukono) zinabadilisha fasi ya nguvu ndani yake bila mwendo kuyumba, na miguu, angalia miguu, ilikuwa inakanyaga pale pale mwanzo mpaka mwisho. Ule kijana, kila akirusha bageti, miguu yake ilisimama kidogo ikingojea bageti irudi. Hii ni ngoma ya defile. Miguu ikisimama, bantu mia nyuma yako banagongana.

Na mutu asiseme niko nachukia show. Defile huku kwetu ni show tangu mababu, hata mbele ya Elisabethville kuitwa Lubumbashi kulikuwa beni, ile ngoma ya kuiga bendi ya basoda, ilitoka kule pwani, ikatembea na ba askari mpaka ku migodi ya Katanga, na bantu balikuwa banavaa kabisa kofia na vyeo. Show tuko nayo mu damu. Kile nasema ni kimoja: ukirusha bageti, irudi ndani ya tempo. Ikirudi ndani, nakupatia pointi zako zote na niko napiga makofi na bengine.

Mbinu moja niliiba kwa bale ba DCI, kuongea wakati mutu anapiga. Majaji yao banarekodi sauti, zamani mu kaseti, sasa mu mashini ndogo, na fanfari inapewa ile sauti baadaye. Mimi nafanyia mu telefone, nanong'ona "kushoto imelala... muzuri, muzuri... hapa umekimbia", na jioni natumia mutoto audio yake. Inasaidia sana kuliko namba pa karatasi, na inafunga midomo ya bazazi. Papa mumoja alinifuata mpaka pa parking, eko na hasira, mutoto wake kapewa pointi ndogo, nikamufungulia audio pale pale, tukasikiliza bote wawili, fasi ya "umekimbia" ilipofika akanyamaza, akasema tu, "Lakini alivaa vizuri." Ee Papa, alivaa vizuri sana.

Kwa matokeo: kijana na kabinti balitoka sawasawa ku pointi, juu Papa moniteri alisimama na kijana kwa nguvu yote, na ku makosa tu kweli kijana hakuwa na mingi. Tukabarudisha bote wawili. Hakuna solo tena, rulemani moja tu, unaanza polepole kabisa pigo kwa pigo, unaongeza mpaka inakuwa moto, kisha unarudi polepole namna ile ile ulipanda. Ni mutihani ya zamani ya ba NARD, haina kurusha, haina kofia. Kupanda balipanda bote muzuri. Kushuka njo kulibagawa, kijana aliruka kutoka ku moto mpaka ku polepole sawa mutu ameruka ngazi tatu, kabinti kakashuka moja moja, na Papa moniteri mwenyewe njo alikuwa wa kwanza kuandika jina ya kabinti.

Tenori nitaandika siku ingine, nikishaongea na bale ba ile jiri, juu nasikia kuko fanfari moja ilileta tenori ya ndoo za rangi na ikachukua nafasi ya pili, na sijamaliza kucheka.