Shamba la marehemu lililouzwa na ndugu: nilivyolidai barazani

Shamba lenyewe ni ekari 4 za mikorosho na minazi, mkoani Pwani. Baba alifariki 2013, mirathi haikufunguliwa, na 2019 kaka mkubwa akaliuza kwa hati ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji.

Shauri la kwanza liliondolewa kabla shahidi hata mmoja hajasimama, maana nililifungua kama mtoto wa marehemu. Kwa sheria za Tanzania, mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi. Mtoto, mjane, hata ukoo mzima mkitia saini, hamna miguu ya kusimamia. Afadhali liliondolewa tu, halikutupiliwa mbali. Lililoondolewa unalirekebisha na kulifungua upya. Lililotupiliwa mbali kwa kawaida unabaki na rufaa. Soma neno lililoandikwa kwenye uamuzi kabla hujatafuta pa kwenda.

Nikaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na Fomu Na. 1. Ukiteuliwa unapewa Fomu Na. 4, na hiyo ndiyo unayoambatisha kwenye madai. Ndani ya miezi 4 unarudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali. Shamba liandike humo hata kama lilishauzwa, kwa sababu wakili wa mnunuzi ataitaka fomu hiyo, na asipoliona atakuuliza leo limetokea wapi.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Wengi wanahesabu tangu siku ya mauzo, au tangu siku walipoteuliwa kuwa wasimamizi. Ikiwa marehemu alikufa akiwa analimiliki shamba, hesabu inaanza siku aliyokufa. Kwetu mwisho ulikuwa 2025, wala kuchelewa kufungua mirathi hakukutuongezea hata siku moja.

Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kuendelea bila cheti. Kwenye madai taja thamani ya shamba (baraza la wilaya lina ukomo wa shilingi milioni 300) na majirani wa pande zote nne. Mimi niliandika mpaka wa mashariki ni minyaa, na wa kusini ni njia ya kwenda kisimani. Ukiandika "shamba lililopo kijijini" ukaishia hapo, hata ukishinda hakuna atakayejua akukabidhi kipande kipi.

Mshtaki muuzaji pamoja na mnunuzi. Hilo lilishasemwa katika kesi ya Juma Kadala dhidi ya Laurent Mnkande, 1983. Shangazi walininunia kwa kumpeleka kaka barazani, lakini mnunuzi akiwa peke yake, mwenye maelezo ya mauzo anakosekana. Halmashauri ya kijiji, kinyume chake, usiiunganishe bila sababu kubwa: inadai notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaingia, na shauri linahamia Mahakama Kuu. Sisi tulimwita mtendaji wa kijiji kama shahidi, aje na daftari la mihtasari. Uhamisho wa ardhi ya kijiji unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na mhuri wa kitongoji si idhini hiyo. Daftari lilifunguliwa ukurasa kwa ukurasa, mwaka mzima wa 2019, na mauzo hayakuonekana popote.

Utetezi wa kaka ulikuwa kwamba baba alimgawia akiwa hai. Hoja ya namna hii haijibiwi kwa maneno matupu. Mama mdogo alitoa mfuko wa rambo uliojaa stakabadhi za korosho kutoka chama cha msingi, zote kwa jina la baba, mpaka msimu wa 2012/2013. Leta nakala halisi, vivuli vinapingwa. Na baraza likija kutembelea eneo, shahidi wako awe mtu anayeujua mpaka kwa miguu, maana ataambiwa autembee. Shahidi wetu mmoja alichanganya njia mbili, na kosa hilo liliandikwa.

Mnunuzi alisema alinunua kwa nia njema. Haikumsaidia: kaka hakuwa na cha kuuza. Fedha zake anamdai kaka.

Baada ya hukumu kuna siku 45 za rufaa. Zikipita, unapeleka maombi ya utekelezaji, dalali wa mahakama anakabidhi. Shamba linarudi kwenye mirathi, si kwangu. Bado nadaiwa Fomu Na. 6, mgawanyo wa warithi wote, kaka akiwemo.