Kiangulio cha mayai cha volti 12: vipimo vya kipasha joto

Kiangulio ninachokiunda kinatakiwa kushika nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21 bila kutegemea umeme wa gridi, kwa hiyo kila wati inayotoka kwenye betri lazima ijulikane inakwenda wapi. Sanduku limekwisha, limetandikwa povu kuta zote, na mlango unafunga vizuri. Kazi iliyobaki ni kuchagua kipasha joto cha wati 20 hivi, na nimeshindanisha viwili: balbu ya breki ya gari iliyoandikwa 12V 21W, na waya wa nikromu (aloi ya nikeli na kromu) wenye kipenyo cha milimita 0.4.

Hesabu zenyewe ni fupi. Volti zikigawanywa kwa ampea zinatoa ukinzani kwa omu, na volti zikizidishwa kwa ampea zinatoa nguvu kwa wati. Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni ya kwanza nchini Ujerumani mwaka 1827, alisumbuliwa sana na betri za wakati wake, kwa kuwa volti zake ziliyumba katikati ya jaribio, hata akaziacha na kutumia jozi ya metali za bismuthi na shaba, ambayo huzalisha umeme kwa tofauti ya joto, maungio yake moja yakiwa kwenye maji yanayochemka na mengine kwenye barafu. Betri za leo ni tulivu zaidi, lakini nazo hushuka zinapobebeshwa mzigo. Ndiyo maana ninatumia mita mbili, moja ya volti na moja ya ampea, nikizisoma kwa pamoja.

Nilianza na balbu. Ikiwa baridi, mita ilionyesha omu 0.9, na baada ya kutoa omu 0.3 za nyaya za mita yenyewe, nilizozipata kwa kugusanisha ncha zake, zilibaki 0.6. Nilipoiwasha kwa volti 12.0 ilivuta ampea 1.72, yaani omu 6.98 na wati 20.6. Ukinzani umepanda zaidi ya mara kumi kwa sababu ya joto la uzi wa tangsteni peke yake. Kwa volti 6.0 ilivuta ampea 1.17, ambazo ni omu 5.1 na wati 7.0, mtu aliyeshikilia zile omu 6.98 angetarajia wati 5.2 tu. Kwa balbu, basi, ukinzani unaopatikana kwa kugawanya ni wa volti zile zile zilizopimwa, na haufai kubebwa kwenda kwenye volti nyingine. Tena, kila balbu baridi inapowashwa, omu 0.6 zinaruhusu karibu ampea 20 kwa kitambo kidogo, jambo linalochosha vichwa vya relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ambayo themostati, yaani kidhibiti joto, itaiwasha na kuizima usiku kucha.

Waya wa nikromu una tabia tofauti kabisa. Kwa wati 20 kwenye volti 12 ninahitaji omu 7.2, kwani 12 mara 12 ni 144, na 144 kwa 20 ni 7.2. Waya wa unene huu una omu 8.7 hivi kwa mita, kwa hiyo nilipima sentimita 83 na kuuzungushia kwenye bamba la mika lililotoka kwenye pasi kuukuu, mbali na povu na mbao. Kwa volti 12.0 ulivuta ampea 1.61, sawa na omu 7.45 na wati 19.3. Kwa volti 6.0 ulivuta ampea 0.81, sawa na omu 7.41. Ukinzani haukusogea kwa kiasi cha kunihangaisha. Ile ziada ya omu 0.25 juu ya hesabu inaelezeka kwa urahisi: waya ukiwa mwembamba kwa milimita 0.006 tu, inatosha. Nimechagua nikromu.

Sehemu iliyonipa faida kubwa kuliko zote ni nyaya za kuleta umeme. Betri iko mita 8 kutoka kwenye kiangulio, kwa hiyo mkondo unasafiri mita 16 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, betri ilisomeka volti 12.4 na mkondo ampea 1.55. Ukigawanya unapata omu 8.0, na ukizidisha unapata wati 19.2, lakini hizo ni za mzunguko mzima. Ncha za mita zilipohamia kwenye skrubu za kipasha joto, zilisomeka volti 11.55: wati 17.9. Volti 0.85 zilizopungua ni za nyaya, na zinakula wati 1.3 bure, zikipasha joto ukuta badala ya mayai. Nilipoweka waya wa milimita mraba 2.5, upotevu ulishuka hadi wati 0.3, na kipasha joto kikapata wati 20 kamili. Ukitaka ukinzani wa kifaa, pima volti kwenye ncha za kifaa chenyewe.

Kwa anayefuata vipimo hivi: ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti papo hapo. Tundu la 10A halina ukinzani wa kuzuia chochote, na mita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi hapo. Ukigusa ncha za betri ukiwa umelisahau, umeipiga betri shoti.

Sasa ninakadiria matumizi. Kipasha joto kikiwaka nusu ya muda kitakula wati-saa 240 kwa siku, na feni ya ampea 0.15 isiyozima itaongeza 43. Betri yangu ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila ni ya risasi na asidi, na sitaki kuishusha chini ya nusu. Zinabaki 600, ambazo ni siku mbili za mawingu. Hiyo nusu ya muda ni makadirio tu, kwa hiyo hatua inayofuata ni kuunganisha saa kwenye relei ili ihesabu muda halisi wa kuwaka, sanduku likiwa na chupa za maji mahali pa mayai.