Kumbukumbu ya mradi: mmea wa utomvu, kipepeo wake, na upande wa pili wa swali

Mradi huu umevuka kiangazi na kuingia tena katika mvua za mwezi wa tisa, na kabla ya kuanza sehemu yake mpya nataka kuweka kwa utaratibu yale yaliyokwisha kuonekana. Swali langu lina pande mbili: je, mmea humbadilisha mdudu anayeula kadiri vizazi vinavyopita, na je, mdudu naye huubadilisha mmea? Mmea ninaoufuatilia ni kichaka cha jenasi Gomphocarpus, chenye majani membamba na matunda yaliyovimba kama vibofu, matunda ambayo ngozi yake imeota miiba laini isiyochoma. Huota kwenye kingo za njia na katika mashamba yaliyolazwa hapa Bukavu, nami nimeuacha ukue kwa wingi kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu, Bagira.

Ukivunja jani lake, utomvu mweupe hutoka papo hapo. Ndani yake mna sumu za kundi la kadenolidi, ambazo huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu iliyomo katika seli za wanyama wote, na pampu hiyo ikizuiwa, neva na misuli ya moyo hushindwa kufanya kazi ipasavyo. Dawa ya moyo iitwayo digoksini, inayotokana na mmea wa Ulaya wa jenasi Digitalis, ni ya kundi hilohilo. Mama jirani, anayefuga mbuzi, aliniambia nilipomweleza mradi huu: «Mwanangu, hata kiangazi majani yote yakikauka, mbuzi wanaupita tu ule mmea.»

Wadudu wanaoula ni wachache, na wote wana rangi kali. Kuna vidukari wa njano wa spishi Aphis nerii wanaojaza machipukizi, kuna kunguni wa mimea wenye mabaka mekundu na meusi wanaofyonza mbegu, na kuna kiwavi wa kipepeo Danaus chrysippus, mwenye pete nyeusi, nyeupe na njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Huyu ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya daftari langu.

Kiwavi mkubwa hali jani mara anapolifikia. Kwanza hurudi kwenye mshipa wa kati, karibu na kikonyo, akautafuna hadi utomvu umwagike na jani liiname, kisha huenda kula sehemu iliyo mbele ya jeraha, ambako utomvu haufiki tena kwa nguvu. Mdogo aliyetoka tu kwenye yai yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu tone moja laweza kumgandisha mdomo. Niliwaweka viwavi wachanga kwenye majani ambayo nilikuwa nimekwisha kuyakata nusu ya kikonyo, na wengine kwenye majani mazima ya kichaka kilekile. Waliowekwa kwenye majani yaliyokatwa walikua upesi zaidi na wengi wao walibaki hai. Hilo linalingana na yaliyopatikana kwa ndugu yake wa Marekani, Danaus plexippus: utomvu wenyewe, kwa kunata kwake, ni ulinzi, mbali na sumu iliyomo.

Sumu nayo imejibiwa ndani ya mwili. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba wadudu wa oda (makundi makubwa ya uainishaji) nne tofauti, wakiwamo vipepeo, mbawakawa, kunguni wa mimea na nzi, wanaokula mimea yenye kadenolidi, wamepata kila kundi kivyake badiliko lilelile katika protini ya pampu, mahali palepale, hata sumu isishike vizuri. Mwaka 2019 wengine waliingiza mabadiliko matatu ya namna hiyo katika jeni ya inzi wa matunda, na inzi huyo, ambaye kwa asili huuawa na sumu hiyo, akaweza kuistahimili. Binafsi sijui ushahidi mwingine unaoeleza kwa uwazi kiasi hiki jinsi mmea unavyoweza kuandika alama yake katika mwili wa mdudu.

Kipepeo wa jamii hii hakuishia kustahimili, maana huihifadhi sumu na kuifanya silaha yake. Mwaka 1967 Lincoln Brower na wenzake waliwalisha ndege vipepeo wa Danaus plexippus waliolelewa kwa kabichi, na ndege wakawala bila shida, ilhali waliolelewa kwa mmea wa utomvu waliwafanya ndege watapike. Kwa hiyo ubaya wa ladha hautoki kwa kipepeo, unatoka kwenye jani alilokula akiwa kiwavi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa jambo linalofuata lilinishangaza kuliko mengine yote. Katika mteremko wangu hupita kipepeo mwingine wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na mabaka meupe, ambaye kwa mbali huwezi kumtenga na Danaus. Ni jike la Hypolimnas misippus. Ukimkaribia utaona kwamba katikati ya bawa lake la nyuma hakuna yale madoa meusi matatu au manne ya Danaus, bali kuna doa moja tu karibu na ukingo wa mbele. Dume lake halifanani naye hata kidogo: ni jeusi, lenye mabaka meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Kiwavi wa spishi hii hukua kwenye mimea kama Portulaca, isiyo na kadenolidi, naye hana sumu hiyo, ila ndege humwacha kwa kumdhania Danaus. Ina maana kwamba sumu ya kichaka kimoja, kwa kupitia mdudu anayekila na ndege anayejifunza kumwacha mdudu huyo, imeamua rangi ya mabawa ya kipepeo ambaye ukoo wake haukuhitaji kuonja jani la kichaka hicho.

Lakini yote hayo ni upande mmoja. Wanabiolojia Paul Ehrlich na Peter Raven, walipoandika mwaka 1964 makala yao maarufu juu ya vipepeo na mimea, walidai zaidi: kwamba mimea hubuni kinga mpya, wadudu huivuka, na kila upande huusukuma mwingine. Ninayoyaona mimi kila siku yanaonyesha mdudu aliyebadilishwa na mmea. Kuthibitisha kwamba mmea umebadilishwa na mdudu ni kazi ngumu zaidi, na nadhani tunaopenda elimu hii mara nyingi tunairukia hatua hiyo kwa haraka.

Ushahidi upo. Mwaka 2012 Anurag Agrawal na wenzake walichapisha jaribio la shambani, New York, juu ya mmea Oenothera biennis: mahali walipowazuia wadudu kwa dawa, mimea ilibadilika ndani ya vizazi vichache tu, ikachanua mapema na kupunguza kemikali za kinga katika matunda. Miaka minne kabla ya hapo, yeye na Mark Fishbein walionyesha kwamba katika nasaba ya jenasi Asclepias, jamaa ya mmea wangu, utomvu na kadenolidi vimeelekea kupungua kadiri spishi zilivyogawanyika, huku uwezo wa kuchipua tena baada ya kuliwa ukiongezeka. Kwa hiyo hatupaswi kutarajia kila mara mmea mkali zaidi, kwani mmea waweza pia kuacha kushindana na kujifunza kuvumilia.

Sehemu mpya ya mradi inalenga hapo, kwa kiwango kidogo kinachowezekana nyumbani. Nakata ncha ya jani, nafyonza utomvu kwa kipande cha karatasi, nakianika na kukipima kwa mizani ndogo ya sonara ambayo ndugu yangu amekubali kuniazima. Vichaka vinatofautiana waziwazi kwa wingi wa utomvu. Nimekusanya mbegu kutoka kwa vile vyenye utomvu mwingi na vile vyenye kidogo, nami nitaziotesha katika udongo mmoja ili nijue kama tofauti hiyo inarithiwa au inatokana na mahali tu.

Ua lenyewe limenisaidia kupanga jaribio. Katika mimea hii chavua haimwagiki kama unga. Imefungwa katika vifurushi viwili vilivyounganishwa na kibanio, ambacho humshika nyigu mguuni anapotafuta asali ya ua, na nyigu akaenda navyo hadi kwenye ua lingine. Kwa sababu hiyo mbegu za tunda moja kwa kawaida huwa na baba mmoja. Basi kila tunda nimelihifadhi katika bahasha yake na kuliandikia kichaka mama, ili ndugu wa tumbo moja waweze kulinganishwa na ndugu wa tunda lingine.

Kama utomvu unarithiwa, litabaki swali la kama vichaka vyenye utomvu kidogo huliwa zaidi, na kama kuliwa huko kunavipunguzia matunda. Nimeanza kuhesabu matunda ya vichaka vilivyotembelewa na viwavi na vile ambavyo navilinda kwa chandarua. Mbegu za bahasha za kwanza zimekwisha kuota, na nitapima utomvu wa miche hiyo kwa mara ya kwanza itakapokuwa na majani ya kutosha kuvumilia kukatwa.