Jinsi nilivyoikomesha gumboro bandani kwangu

Ukifuga kuku, ushauri hauishi. Kuku wakifa baada ya kuchanjwa, kila anayepita ana jibu lake: chanjo ilikuwa feki, vifaranga walikuwa wabovu, ongeza dozi, tia antibaiotiki kwenye maji. Nimeyasikia yote hayo, na karibu yote nimeyalipia. Naandika kwa sababu makundi yangu ya sasa, moja baada ya jingine, yanafika umri wa kuuzwa bila gumboro na bila mdondo, magonjwa mawili yanayoua kuku, na hakuna hata ushauri mmoja kati ya hiyo ulionifikisha hapa.

Kilichonichanganya mwanzoni ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku walikuwa wamechanjwa kwa ile ratiba inayozunguka kwa wafugaji wote: siku ya 7 mdondo, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 mdondo tena. Chanjo ilikaa kwenye barafu tangu ilipotoka dukani mpaka ilipoingia kwenye maji. Hata hivyo, kuku walipopita wiki ya sita wakaanza kukoroma na kuharisha kijani. Wengine shingo zikapinda, wakawa wanazunguka palepale walipo. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuokota waliokufa.

Aliyeniuzia chanjo akaniambia kundi linalofuata nitie dozi mara mbili. Nikatia mara mbili, chanjo zote, kila moja kwa siku yake. Vifaranga walipiga chafya kwa siku kadhaa kutokana na ile ya mdondo, nikaambiwa hiyo ndiyo dalili kwamba chanjo imeshika. Mwingine, mfugaji wa miaka mingi, akanisisitizia antibaiotiki tangu siku ya kwanza hadi ya kuuza, eti inaimarisha kinga. Antibaiotiki inapigana na bakteria. Mdondo ni kirusi na gumboro ni kirusi, na dawa hiyo haiwagusi. Inaweza kumsaidia kuku aliyeshambuliwa na bakteria juu ya ugonjwa wa kirusi, lakini kuinywesha kila siku ni kulea bakteria sugu ambao kesho watakusumbua wewe, kuku wako na wanaokula nyama yake. Hili bado linaniudhi nikilikumbuka, maana watu wanaambiwa hivyo mpaka leo. Kundi lile lililopewa dozi mara mbili nalo liliugua vilevile.

Hapo ndipo nilipompata daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na maneno mengi. Hakuniuliza chanjo nilinunua wapi. Alitaka kuku wachache, waliokufa na walio hai wanaozubaa, na akataka pia damu ya wale walioonekana wazima. Nikamwambia, "Daktari, hawa wote wamechanjwa mdondo mara mbili." Akasema, "Nakuamini. Sasa njoo uone."

Aligeuza kuku mmoja chali, akapasua tumbo mpaka kwenye njia ya kinyesi, akasogeza utumbo pembeni kwa ncha ya mkasi. Juu kabisa ya ile njia, upande wa mgongoni, kuna kifuko ambacho mtu anayechinja kuku miaka yote anaweza asikitambue. Kinaitwa kifuko cha Fabricius, kwa jina la mwanaanatomia wa Italia aliyekieleza. Daktari alikuwa na kuku mwingine wa umri uleule kutoka banda lingine, mzima. Kifuko cha yule mzima kilikuwa kama gololi, cheupe cha maziwa, na alipokikata ndani mlikuwa na mikunjo iliyojaa. Cha kuku wangu kilikuwa kimenywea, kijivu, kidogo kiasi kwamba alikitafuta. Akapasua wa pili. Akapasua wa tatu. Vilevile.

"Hiki ndicho kinachopokea chanjo," akaniambia. "Hawa hawana cha kupokelea."

Kazi ya kifuko kile ilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1956 Bruce Glick na Timothy Chang, huko Marekani, walieleza jinsi kuku waliotolewa kifuko hicho wakiwa wadogo walivyodungwa vijidudu vya salmonela, na wengi wao wakashindwa kutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya magonjwa. Humo ndimo zinamokomaa chembe zinazotengeneza kingamwili za kuku. Na kirusi cha gumboro hupenda kushambulia chembe hizohizo, zikiwa changa, ndani ya kifuko hichohicho. Ugonjwa wenyewe ulipewa jina la Gumboro kutokana na eneo la jimbo la Delaware ulikoonekana, ukaelezwa kitaalamu mwaka 1962.

Sasa sikiliza sehemu inayowaponyoka wengi. Kuku anayeambukizwa gumboro kati ya wiki ya tatu na ya sita huugua waziwazi: anajikunyata, manyoya yanasimama, anaharisha mharo mweupe wa majimaji, anajidonoa nyuma. Ukimpasua unakuta madoa ya damu kwenye misuli ya mapaja na kidari. Lakini kifaranga anayeambukizwa kabla ya wiki tatu mara nyingi haoneshi chochote. Anakula, anakua, unamsifia. Ndani, kifuko kimeharibika. Halafu unamchanja mdondo na mwili hauitiki, na kirusi cha mdondo kikipita kinamkuta yuko wazi. Majibu ya damu yalikuja kuthibitisha: kuku waliochanjwa mara mbili walikuwa na kingamwili kidogo mno za mdondo, wengine karibu hakuna. Mimi nilikuwa nalia na mdondo wa wiki ya saba, na mwenye kosa alikuwa gumboro wa wiki za mwanzo.

Kwa hiyo swali likawa: kwa nini chanjo ya gumboro ya siku ya 14 haikuwakinga?

Kifaranga huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kiini cha yai. Mama akiwa amechanjwa vizuri, kifaranga anakuja na akiba kubwa. Akiba hiyo inamkinga, na hiyohiyo inaiua chanjo hai, yaani yenye kirusi kilichopunguzwa makali, ukimpa mapema, kwa sababu kwa kingamwili kirusi cha chanjo ni kirusi tu. Ukichelewa, akiba imeisha na kirusi cha bandani kinamwahi. Ile dozi mara mbili haikuwa na maana yoyote hapa: akiba ya mama ilimeza ya kwanza na ya pili. Kuna waliotaka nitumie chanjo kali zaidi, ile inayoweza kupenya akiba kubwa. Hiyo ina mahali pake, palipo na gumboro kali. Lakini ukimpa kifaranga ambaye akiba yake ni ndogo, chanjo yenyewe inaweza kukiumiza kifuko unachotaka kukilinda.

Siku ya 14 ni wastani tu. Kwa kuku wa nyama, kingamwili za mama hupungua nusu kila baada ya siku 3 hivi. Kwa kuku wa mayai ni polepole zaidi, kama siku 5 na nusu. Tuseme damu ya vifaranga inaonesha kiwango mara nne ya kile ambacho chanjo yako inaweza kupenya. Nusu ya kwanza, nusu ya pili, umefika: kwa kuku wa nyama subiri siku 6 hivi tangu siku ya kupima, kwa kuku wa mayai siku 11. Maabara zina hesabu kamili ya jambo hili, inayoitwa hesabu ya Deventer, lakini msingi wake ndio huo. Daktari alichukua damu ya vifaranga kadhaa wakiwa wachanga, majibu yakaja, na tarehe tuliyopata ilikuwa mbali na siku ya 14. Gharama ya kipimo iliniuma nilipoilipa. Ukiilinganisha na kundi moja lililokufa, ni kitu kidogo sana.

Kama huna maabara karibu, waulize wanaokuuzia vifaranga kuku wazazi walichanjwa gumboro lini na mara ngapi. Wanajua. Wasipotaka kusema, nunua kwingine. Na usichanganye vifaranga wa wazazi tofauti kwenye banda moja, maana akiba zao hazilingani na hakuna tarehe itakayowafaa wote. Kwa waliotoka kwa wazazi mbalimbali madaktari wengi huchanja mara mbili, kwa kupishana siku kadhaa, ili wanaokosa ya kwanza wapate ya pili.

Basi tarehe tumepata. Sasa maji, na hapa ndipo penye kitu ninachojivunia kuliko vyote.

Chanjo ya gumboro kwa kawaida hunyweshwa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo hai, kwa hiyo unatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2 na nusu kwa lita, unasubiri kama nusu saa kabla ya kutia chanjo. Vyombo huoshwa kwa maji matupu, bila sabuni wala dawa. Kuku hunyimwa maji saa moja au mbili, kutegemea joto, ili wanywe kwa kiu na kumaliza ndani ya saa mbili. Yote haya nilikuwa nayafanya na bado sikuwa na uhakika nani amekunywa. Unaona vyombo vimekauka, unasema wamekunywa. Vyombo havisemi ni kuku yupi.

Daktari aliniambia kuna rangi ya buluu inayotiwa kwenye maji ya chanjo. Nikaitafuta, nikaitia, na baada ya muda nikaanza kukamata vifaranga kila pembe ya banda na kuwafungua midomo. Aliyekunywa ulimi wake ni wa buluu, na buluu hiyo huonekana hata kwenye ngozi ya kifuko cha chakula shingoni. Karibu na mlango, ndimi zote buluu. Katikati, buluu. Chini ya taa ya joto, kwenye kona ya nyuma, nikafungua mdomo wa kwanza: waridi. Wa pili: waridi. Walikuwa wale wadogo wadogo, wanaosukumwa na wenzao wakubwa kwenye vyombo vya maji, wanaorudi kujibana kwenye joto. Hao ndio ambao kundi baada ya kundi walibaki bila chanjo, na gumboro ilipoingia ilipata pa kuanzia.

Niliwakusanya wale wa waridi kwenye boksi nikawapa chombo chao peke yao, chanjo ikiwa bado haijaisha muda wake. Tangu hapo siku ya chanjo naongeza vyombo karibu maradufu, vingine naviweka palepale penye taa. Huwa natembea taratibu kando ya kuta kuwainua waliolala, na sehemu ndogo ya maji naibakiza kwa ajili ya wanaochelewa. Kisha nafungua midomo. Nikikuta pembe yenye waridi nyingi, sitoki bandani mpaka zibadilike. Nimewaonesha wafugaji wenzangu jambo hili na kila mmoja amekuta kona yake ya waridi.

Mdondo siupitishi kwenye maji tena. Natia tone jichoni, kuku mmoja mmoja, nasubiri apepese jicho ndipo namwachia. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini hakuna anayerukwa, na nyuma ya jicho la kuku kuna tezi inayotengeneza kinga palepale.

Kuhusu usafi nitasema machache, ila msiudharau. Kirusi cha gumboro ni kigumu kufa: kimeonekana kikidumu kwenye banda tupu kwa karibu miezi minne, na wale mbawakawa weusi wadogo wa kwenye maranda wanakibeba. Toa maranda yote, peleka mbali, osha kwa sabuni mpaka saruji ionekane, ndipo upulize dawa ya aina ya glutaraldehaidi au iodini. Dawa juu ya kinyesi haifanyi kitu. Viatu vya bandani vibaki bandani. Chanjo ikikutana na kirusi kingi mno siku za mwanzo, kirusi kitawahi.

Na usichanje kuku mgonjwa au aliyechoka kwa joto au safari. Mwili unaopambana na kitu kingine hauitikii vizuri, na chafya za chanjo zinaweza kugeuka ugonjwa kamili.

Kundi la kwanza nililofanya yote haya, daktari alirudi kuchukua damu wiki chache baada ya tone la mwisho la mdondo. Alipasua pia kuku mmoja, akanionesha kifuko: cheupe, kimejaa. Majibu ya damu yalikuja viwango vikiwa juu na vinalingana kuku kwa kuku, jambo ambalo alisema ndilo analoliangalia zaidi, maana wastani mzuri unaweza kuficha wachache walio wazi. Kundi lililofuata lilitoka kwa wazazi wengine, tukapima upya, na tarehe ya gumboro ikasogea tena kwa siku kadhaa.